Mahali pa Kuiweka Huzuni: Uchoraji kwa Watu Wenye Hisia Nyeti

Hotuba hii niliitoa Jumamosi moja ya mwezi Julai katika ukumbi wa kanisa hapa jijini Mbeya, mbele ya wazazi, walimu na vijana. Waliokosa nafasi ya kufika wameomba kuisoma, nami naiweka hapa yote kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu mliotoka Rungwe na Kyela, mugonile. Mliopanda basi usiku wa manane kutoka Iringa, Mafinga na Makambako, kamwene. Vijana wangu, hamjambo.

Naomba nianze na swali, na simtaki mtu yeyote anyooshe mkono. Ni nani kati yetu aliyekua akiambiwa "jikaze"? Ulilia kuku alipochinjwa, ukaambiwa jikaze. Ulishindwa kula kwa sababu baba na mama walirushiana maneno usiku uliopita, ukaambiwa jikaze. Ulirudi kutoka msibani, wenzako wakaenda kucheza mpira, wewe ukabaki na sura ya mjane mbele ya macho yako wiki nzima, na ulipothubutu kusema ukaambiwa tena: jikaze. Kama ni wewe, leo nimekuja kuzungumza nawe. Na kama si wewe, nimekuja kuzungumza nawe juu ya mtoto wako, au mke wako, au mwanafunzi wako anayekaa dawati la mwisho, kwa maana mtu huyo yumo karibu nawe hata kama hujawahi kumtambua.

Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na leo, baada ya kufundisha shule za msingi miaka 31, kwanza Rungwe na baadaye Mufindi, ningali mtu wa namna hiyo. Nilipokuwa na miaka minane, baba aliuza ndama aliyezaliwa mbele ya macho yangu ili tupate bati za kuezekea nyumba. Mnunuzi alipomfunga kamba na kuanza kumvuta, mama wa ndama yule alilia zizini, nami nikalia naye. Nililia siku ile, nikalia kesho yake, na siku ya tatu baba mdogo akamwambia baba kwa sauti niliyokusudiwa kuisikia: "Huyu mtoto ni mlegevu, mtampeleka wapi?" Maneno yale niliyabeba hadi utu uzima. Niliamini kwamba kuna kitu kilichopungua ndani yangu, kitu ambacho watoto wengine walipewa nami nikanyimwa.

Hakikupungua kitu. Elaine Aron, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kuichunguza hali hii katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 yeye na mumewe, Arthur Aron, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba unyeti huu ni tabia inayojitegemea, tofauti na kuona haya na tofauti na mazoea ya kupenda kukaa peke yako. Kwa makadirio yake, watu kati ya 15 na 20 katika kila watu 100 wamezaliwa hivyo. Walimu wenzangu, fanyeni hesabu: darasa la watoto 60 lina watoto kati ya 9 na 12 wa aina hii. Mtoto huyo hulitafakari jambo kwa kina na kwa muda mrefu kuliko wenzake. Huona vitu vidogo ambavyo wengine wanavipita. Makelele, mwanga mkali na vurumai humchosha upesi. Na furaha au maumivu ya mtu mwingine humwingia kana kwamba ni yake mwenyewe. Wafugaji mliomo humu mnamjua ng'ombe anayeinua kichwa kabla kundi zima halijasikia chochote. Hakuna mfugaji anayemwita ng'ombe huyo mgonjwa. Tena mfugaji mwenye akili humtazama huyo kwanza, ndipo autazame msitu.

Basi, ndugu zangu, tatizo liko wapi? Mimi nasema tatizo liko katika mahali. Hisia zinakuja, nazo hazina mahali pa kukaa. Jamii zetu hazikuwa na ukatili juu ya machozi. Sisi tuna mahali pa kulilia, tena mahali pa heshima, nako ni msibani. Wanawake huangua kilio kwa sauti, wanaume hukaa nje kwenye moto, na hakuna anayeshangaa. Lakini matanga yakianuliwa, machozi nayo yanatakiwa yaanuliwe siku hiyohiyo. Mtu mwenye hisia nyeti hawezi kufuata ratiba hiyo. Huzuni yake huanza kupevuka pale wengine wanapokunja mikeka. Aende wapi nayo? Akiisema, atawachosha watu. Akiimeza, itamrudia usiku, au itamtokea kama kichwa kinachouma bila homa, au kama hasira kwa watoto ambao hawakumkosea lolote.

Ngoja niwapeleke kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Bibi aliniita "mume wangu", kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao, na katika ukoo mzima yeye peke yake hakuwahi kuniambia nijikaze. Nilikuwa na miaka kama kumi shangazi yangu, kitinda mimba wake, alipofariki. Msiba ukapita, wageni wakaondoka, mikeka ikarudishwa kwa majirani. Siku iliyofuata bibi aliamka kabla ya jua, akachukua ndoo na jembe, akashuka mtoni. Alirudi na udongo mweupe na udongo mwekundu. Akauponda, akauchekecha, akauloweka, na kesho yake akaanza kuisiriba upya nyumba yake kwa mikono, kisha akaanza kuipamba kwa vidole: mstari, nukta, mstari, nukta, halafu umbo la jani la mgomba, halafu tena mstari. Hakuimaliza kwa siku moja, ingawa angeweza. Kila asubuhi alifanya sehemu inayolingana na upana wa mlango, akanawa mikono, akaenda shambani.

Nilimwuliza kwa nini hafanyi yote mara moja. Akaniambia: "Mume wangu, uchungu huu nikiuacha ndani utanilaza kitandani. Acha ukae ukutani, niuone, nao unione."

Nimeyafikiri maneno hayo zaidi ya miaka hamsini. Niuone, nao unione. Hakusema kwamba anataka uondoke. Hakusema anataka kuusahau. Alitaka uwe na mahali palipo nje ya kifua chake, mahali ambapo angeweza kuuendea asubuhi, akakaa nao kwa muda anaouweza, kisha akauacha pale na kwenda kupalilia maharage. Watu wa mjini leo wanaliita jambo hili kuzikubali hisia, na vijana wengi huniuliza maana yake hasa ni nini, kwa sababu wanadhani ni kujilazimisha kufurahia kinachowaumiza. Mimi siwezi kulieleza vizuri kuliko ukuta ule. Mvua za kwetu ni nyingi, mnazijua. Zikirusha matope na kuufuta upande mmoja, bibi aliufanya tena upande ule bila kulalamika, na kila alipourudia mapambo yalikuwa tofauti kidogo. Kifo cha shangazi kilikuwa kilekile, lakini aliyekuwa akimlilia alikuwa anabadilika.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini katika jambo ambalo nalipenda kuliko yote nitakayoyasema leo, nalo ni lugha yetu na rangi.

Kiswahili kina rangi tatu tu ambazo ni sifa kamili, zinazobadilika kulingana na nomino: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Tunasema mtu mweusi, kitu cheusi, miti myeusi. Baada ya hizo tatu, karibu kila rangi nyingine tunaiazima kwenye kitu. Kijani kinatoka kwenye jani. Kijivu kinatoka kwenye jivu. Manjano ni kiungo cha jikoni. Kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, chungwa ni tunda, samawati ni mbingu. Na iko ile rangi ambayo wazee wa zamani waliiita damu ya mzee, nyekundu iliyoiva mpaka ikaelekea weusi. Nani aliyeitunga kama si mtu aliyetazama sana, tena mtu mwenye hisia nyeti? Maana yake ni kwamba rangi nyingi Mswahili hawezi kuzitaja bila kukitazama kitu. Lugha yenyewe inatupeleka nje, shambani, jikoni, angani, ndipo inatupa neno.

Na hisia zetu je? Tuna hazina kubwa ambayo tumeifungia kabatini. Muulize kijana anavyojisikia, atakwambia "niko poa" au "siko poa". Basi. Lakini Kiswahili kinamwekea mezani huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, uchungu, kinyongo, unyonge, fadhaa, wasiwasi, kicho, bumbuwazi, ghadhabu, hamaki, na kwa upande wa pili furaha, bashasha, shangwe, shauku, nyonda. Je, kihoro na kinyongo ni kitu kimoja? Hata kidogo. Kihoro ni maumivu ya kuondokewa. Kinyongo ni maumivu yaliyogeuka kuwa deni ndani ya moyo. Mtu anayeyachanganya mawili hayo anaweza kumkasirikia marehemu miaka kumi, akidhani anamlilia.

Katika miaka yangu ya mwisho darasani nilianza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Niliwaambia: usinichoree mtu anayelia. Nichoree rangi ya simanzi. Usiniambie ni nyeusi kwa sababu umesikia watu wakisema hivyo. Katafute kitu chenye rangi hiyo. Na watoto walikwenda. Msichana mmoja wa darasa la sita, ambaye mama yake alichuma chai kwenye mashamba ya Mufindi, alirudi akaniambia kwamba simanzi ina rangi ya ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi, wakati mama anapoondoka na kikapu na yeye hamwoni tena baada ya mistari mitatu ya chai. Akaitafuta rangi hiyo vipindi viwili. Alichanganya nyeupe na nyeusi, akasema hapana, hii ni jivu. Akaongeza kijani kidogo, akasema inakaribia. Akaongeza tone la bluu, akanyamaza. Mtoto ambaye mwaka mzima walimu tulimwandikia "mkimya, hashirikiani na wenzake" alikuwa amesimama mbele ya kipande cha karatasi akiwa amekipata hasa kile kilichokuwa kikimkaa rohoni kila asubuhi, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Wataalamu wanasema nini? Nitapita haraka hapa. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti wa watu walioonyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipimwa. Walipoitaja hisia waliyoiona kwa jina lake, ile sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, iitwayo amigdala, ilitulia. Kuitaja hisia kwa jina kunaipunguzia makali. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga na vipande vya karatasi, wakawaacha watengeneze wanachotaka kwa dakika 45. Walipima mate yao kabla na baada, wakitafuta kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokuwa katika msongo. Kwa takriban asilimia 75 ya watu wale kotisoli ilishuka, na haikujalisha kama mtu alikuwa mzoefu wa sanaa au hajashika kalamu ya rangi tangu utotoni. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na robo ya watu hawakupata nafuu hiyo, kwa hiyo asije mtu akasema kwamba mwalimu amewaahidi muujiza. Lakini niliposoma kwamba uzoefu haukuwa na maana, nilimkumbuka bibi, ambaye hakuna aliyewahi kumwita msanii.

Na rangi yenyewe inafundisha. Chukua rangi za maji. Ukilowesha karatasi na kugusa tone la bluu, bluu inatembea. Huiamrishi. Ukiingilia kwa brashi wakati bado mbichi, ukitaka kuirekebisha kwa nguvu, unapata tope. Unachoweza kufanya ni kuinamisha karatasi kidogo, kungoja ikauke, kisha kuweka tabaka la pili juu yake, nalo tabaka la kwanza litaonekana kwa chini. Sisi wenye hisia nyeti huumia zaidi pale tunapoipiga vita hisia ikiwa bado mbichi. Tunataka tumalize leo. Tunataka tusiwe na hasira kabla hata hatujajua kwamba tuna hasira. Mkono unapojifunza kungoja karatasi ikauke, unaufundisha na moyo, na fundisho linaloingia kwa mkono hukaa kuliko lile linaloingia kwa sikio. Hilo nalisema kwa ushuhuda wangu mwenyewe. Nimehubiriwa subira tangu utotoni, na sikuijua mpaka nilipoharibu karatasi nyingi kwa pupa.

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza mara kwa mara: "Mwalimu, mtoto wangu anachora kitu kilekile kila siku. Je, si dalili mbaya?"

Nitawajibu kwa habari ya mchoraji wa Norway, Edvard Munch. Mama yake alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1868, Edvard akiwa na miaka mitano. Mwaka 1877 dada yake Sophie akafa kwa ugonjwa uleule, akiwa na miaka 15. Mwaka 1885 Munch alianza kuchora msichana mgonjwa aliyeegemea mto, na mwanamke aliyeinamisha kichwa pembeni yake. Alipaka rangi, akaikwangua, akapaka tena, akaikwangua tena, hata uso wa picha ile ukabaki na makovu. Wakosoaji wa wakati ule waliicheka, wakasema haijakamilika. Munch akairudia. Akairudia tena. Katika kipindi cha takriban miaka 40 aliichora mara sita. Je, alikuwa amekwama? Ndivyo wengine wanavyoweza kusema. Mimi naona mtu aliyekuwa akirudi kumtembelea dada yake, kila mara akiwa na umri mwingine, na kila mara akikuta kitanda kilekile kikiwa na mwanga tofauti.

Nami nilikuwa na Munch wangu darasani, nikamkosea, na jambo hilo nalisema leo kwa sababu ningependa kosa langu liishie kwangu. Alikuwa mvulana wa miaka tisa ambaye baba yake alikufa katika ajali ya lori kwenye barabara kuu. Mvulana huyu hakuzungumza juu ya baba yake hata siku moja. Alichora lori. Lori, lori, lori. Mwanzoni lilijaa ukurasa mzima, lote jekundu, bila barabara. Baada ya wiki chache likapata magurudumu. Baadaye ikatokea barabara. Mimi, kwa nia njema na kwa haraka yangu, nikalichukua daftari lake mbele ya wenzake, nikasema, "Hebu tuambie, hili lori maana yake ni nini?" Darasa zima likamgeukia. Akalifunga daftari. Hakuchora tena muhula ule wote.

Wazazi wenzangu, walimu wenzangu, tafadhali. Mtoto mwenye hisia nyeti akichora, amekufungulia dirisha. Usimwingilie kwa dirisha kama mwizi. Usimwulize "hii ni nini?" Usimwambie "mbona mbuzi wako ana miguu mitano?" Usiikimbize picha yake kwa majirani, hata kama ni nzuri, hasa kama ni nzuri, kwa maana tangu siku hiyo atakuwa anawachorea majirani. Kaa karibu. Chora ya kwako. Ukishindwa kunyamaza, mwambie: "Nimeona umetumia nyekundu nyingi leo," kisha uache hapo. Akitaka, atakueleza. Mvulana yule alirudi kwangu mwaka uliofuata, si kwa sababu nilimwomba msamaha, ingawa nilimwomba, bali kwa sababu nilianza kukaa dirishani baada ya masomo nikichora miti ya misindano bila kumwita mtu yeyote. Siku ya nne akaja na daftari. Akachora lori likiwa limeegeshwa chini ya mti. Sikuuliza.

Sasa wapo wanaosema moyoni: mwalimu huyu anatuletea mambo ya wenye fedha, brashi na turubai vinauzwa bei gani? Swali ni la haki. Nawajibu kwa jina la Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kule Tunduru, kusini mwa nchi yetu. Hakusoma shule ya sanaa. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam akiishi kwa vibarua, alichukua vipande vya mbao nyembamba za kuezekea dari na rangi ya kupakia baiskeli, akaanza kuchora wanyama na ndege. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani. Nasema habari zake kwa sababu ya ile rangi ya baiskeli. Alianza na kilichokuwapo.

Na sisi wa nyanda za juu tuna nini? Tuna udongo mwekundu, ambao wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Ndiyo maana haupauki juani, na ndiyo maana michoro ya kale kwenye mwamba wa Igeleke, pembeni mwa mji wa Iringa, bado inatutazama. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, hadi leo hupamba vyungu vyao kwa udongo wa namna hiyo. Chukua udongo wako, uuponde, uuchekeche kwa kitambaa, uloweke, mwaga maji ya juu yenye takataka, uanike ile laini iliyobaki. Weusi unao jikoni, ni mkaa uliosagwa. Weupe ni chokaa iliyozimwa siku nyingi, na uishike kwa uangalifu isiguse macho. Njano ni manjano yaleyale ya pilau, ingawa hayo jua litayafifisha, kwa hiyo uitunze picha ndani. Rangi hiyo ya unga uichanganye na kiini cha yai na maji kidogo, nayo itashika kwenye karatasi ngumu ya boksi. Wachoraji wa Ulaya walitumia kiini cha yai kwa karne nyingi kabla ya rangi za mafuta kuenea. Brashi? Kijiti cha mti kilichotafunwa ncha kinatosha kwa kuanzia, na kidole cha bibi kilitosha hadi mwisho.

Tenga nusu saa. Wengi wetu wenye hisia nyeti tunaiweza asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia na kabla shida za watu hazijatuingia. Usianze kwa kuwaza uchore nini. Anza kwa rangi moja inayolingana na ulivyoamka. Ukimaliza, geuza karatasi, andika nyuma tarehe na neno moja tu la hisia, na ulitafute kwa uaminifu: ni huzuni, au ni unyonge? Ni hasira, au ni hofu iliyovaa koti la hasira? Kisha iweke sandukuni. Mimi ninazo karatasi za miaka mingi, na ninapozipanga sakafuni naona jambo ambalo sikuliona siku kwa siku, kwamba hata wiki nilizoamini zilikuwa giza tupu zilikuwa na siku moja au mbili za manjano.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Kuchora si dawa ya kila kitu. Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyelazwa kwa kifua kikuu mwaka 1938, alijituliza kwa kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akawafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akawa wa kwanza kuupa uponyaji wa kupitia sanaa jina katika lugha yake. Lakini hata yeye alichora akiwa hospitalini, chini ya uangalizi wa madaktari. Ikiwa mtu wako halali wiki nzima, au haonji chakula, au anazungumza juu ya kufa, au picha zake zinamtetemesha mwili badala ya kumpa pumzi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na usimwache peke yake njiani. Na ikiwa wewe mwenyewe, katikati ya kuchora, unaona umefungua kitu kikubwa kuliko nguvu zako, weka brashi chini, nawa mikono kwa maji ya vuguvugu, toka nje, mwite mtu unayemwamini. Bibi alifanya upana wa mlango tu kwa siku. Alijua kipimo chake.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, nami nashukuru kwa subira yenu, ndaga fijo. Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, kuna meza. Juu yake kuna karatasi za boksi nilizozikata jana usiku, vikopo vya udongo mwekundu niliotoka nao Rungwe, mkaa, chokaa, manjano na mayai. Brashi ziko 14, kwa hiyo wengine mtatumia vijiti. Tutakaa nusu saa kabla ya chakula. Anayetaka kukaa na mwenzake, akae naye. Anayetaka kukaa peke yake, kule kwenye dirisha linaloutazama mlima Loleza nimeweka viti vinne vikielekea kioo, na hakuna atakayepita nyuma yenu. Ukimaliza, kunja karatasi yako uiweke mfukoni. Sitamwuliza mtu yeyote amechora nini.